Vitunguu Vilivyofunikwa Vikiwa Moto

Mafuta ya alizeti yakishika moto hutoa harufu ya shamba kabla hayajatoa harufu ya chakula. Ni harufu ya mbegu zilizolala juani, nayo hudumu kitambo kifupi tu, mpaka konzi ya kwanza ya vitunguu itakapoingia kwenye karai na kuizima. Mwaka niliokuwa darasa la nne, harufu hiyo ilinipokea kila nilipotoka shule. Niliisikia nikiwa bado mbali na nyumba yetu ya Ipagala, nikajua kwamba mama ameshamaliza kukata, vitunguu vimeshanyauka, na moto umeshika. Ipagala ya siku hizo ilikuwa na mapengo mengi kati ya nyumba na nyumba, na upepo wa alasiri ulipita humo na vumbi lake kama mtu aliyechelewa kazini. Uani kwetu palikuwa na jiko la mkaa, karai lililopauka pembeni, mkeka uliotandazwa vitunguu vyekundu vya Singida, na mama yangu ameketi kwenye kigoda, mgongo kwa upepo.

Niseme mapema mimi ni nani, ili msomaji asidhani anazungumza na mtu wa kubahatisha. Nina stashahada ya upishi na huduma za hoteli. Nimefanya kazi miaka kumi na miwili katika majiko ya Muscat. Niliingia nikiosha masufuria, nikatoka nikiwa na watu tisa wanaosubiri neno langu kabla ya kuzima moto. Nilirudi Dodoma kwa hiari yangu, si kwa kufukuzwa wala kwa kushindwa, na nyumba ninayoandikia haya nimeijenga mwenyewe tangu msingi hadi vigae. Ninalisha mikutano na harusi za mji huu. Wapo wengine wanaokaanga vitunguu vya biriani, lakini hakuna anayevitoa vikavu, vyepesi na vitamu kama mimi, na anayebisha namkaribisha aonje. Hayo nimeyapata kwa mikono yangu na siombi radhi kuyasema.

Ila ustadi wenyewe haukuanzia chuoni. Baba alifariki mwanzoni mwa mwaka ule, akamwacha mama na watoto wawili, mimi na mdogo wangu ambaye alikuwa bado ananyonya. Baada ya arobaini, ndugu za baba walikaa kikao. Msemaji wao alikuwa Shangazi Debora, dada mkubwa wa baba, mwalimu wa Morogoro, mwanamke asiyepandisha sauti kwa sababu hakuwahi kuhitaji. Alisema mtoto mchanga abaki na mama yake, lakini mimi nichukuliwe nikalelewe Morogoro, kwa kuwa mama hana kazi. Mama akaomba apewe mpaka mwisho wa kiangazi. Shangazi akatafakari, akasema: "Haya, wifi. Sisi hatukunyang'anyi mtoto. Nitakuja shule zikifunga mwezi wa tisa. Nikikukuta umesimama, Tabitha anabaki. Nikikuta bado unayumba, naondoka naye." Nilikuwa nimekaa karibu na mlango nikisikia kila neno, na hakuna aliyeona haja ya kunitoa.

Kazi mama aliipata kwa Bi Saumu. Huyu alikuwa mpishi mkubwa wa harusi za Waislamu wa mjini, wa familia iliyokuwa Dodoma tangu enzi za misafara, mnene, mwepesi wa ulimi, mwenye masufuria ambayo mtoto kama mimi angeweza kuogelea ndani yake. Biriani yake ilisifiwa hadi Chamwino. Magoti yalikuwa yameanza kumsumbua na kukaanga vitunguu kulimchosha, akawa anatafuta mtu wa kumfanyia nyumbani na kumletea vikiwa tayari. Alimjaribu mama siku tatu. Alikuja uani kwetu na ushungi wake mweupe, akaomba kiti chenye mgongo, akaanza kufundisha kwa maneno makali.

"Mama Tabitha, wewe Mgogo wangu, utaniletea mchanga kwenye biriani ya watu?"

"Mchanga wa Dodoma una chumvi yake, Bi Saumu. Utapunguza matumizi."

Bi Saumu alicheka mpaka kiti kikalia. Kuanzia hapo walipatana.

Alichomfundisha mama, ndicho ninachowafundisha vijana wangu leo, ingawa wao nawaambia nimekitoa chuoni. Kitunguu kinakatwa kwa urefu, vipande vyote unene mmoja, kwa sababu chembamba kitaungua wakati kinene bado kinalia maji. Kisha kinachambuliwa kwa vidole na kutandazwa juani mpaka kinyauke. Hapo Dodoma inaishinda Muscat na miji yote ya pwani, maana hewa yetu ni kavu na kitunguu hunyauka kabla ya adhuhuri. Mafuta yawe mengi na moto uwe wa kati. Unakoroga bila kuchoka, na unakitoa kikiwa bado na rangi ya asali changa, kwa kuwa kitaendelea kujipika nje ya mafuta. "Ukisubiri rangi ikupendeze humo ndani," alisema Bi Saumu, "ukikitoa utakuta mkaa." Kisha kinatandazwa kwenye karatasi za kaki, kinaachwa. Kipimo chake cha mwisho kilikuwa sikio. Alichukua vitunguu vilivyopoa, akavifumbata kiganjani karibu na sikio lake, akabana. Vikilia kama majani makavu yanayokanyagwa, aliitikia kwa kichwa na kusema, "Hivi vimekubali."

Kiangazi kile chote vya mama vilikubali. Alinipa kazi ya kuchambua vipande alfajiri kabla ya shule, nami nikawa mwepesi kuliko yeye. Hilo alilikiri mwenyewe mbele ya majirani. Mikono yetu ilinuka kitunguu hata baada ya kuogea sabuni. Darasani msichana aliyekaa nami dawati moja aliziba pua akaniita Biriani, na jina likanikaa. Sikujali. Kila ndoo iliyokwenda kwa Bi Saumu na kurudi tupu ilikuwa sababu ya Shangazi Debora kurudi Morogoro peke yake. Sikuwa mtoto wa kudeka, lakini usiku nilikuwa nahesabu wiki zilizobaki kwa vidole, nikilala ubavuni mwa mama na mdogo wangu katikati.

Kwenye wiki ya mwisho Bi Saumu alipata harusi kubwa kuliko zote za mwaka. Aliagiza gunia zima likaangwe, ndoo nne kubwa, zifike kwake Jumamosi alfajiri. Mama alikaanga Alhamisi na Ijumaa. Ndoo tatu zilikuwa tayari, na vitunguu vya ndoo ya nne, vilivyokuwa vimetoka kwenye mafuta muda huohuo, vilikuwa vimetandazwa juu ya karatasi. Hapo mdogo wangu, aliyekuwa anachemka homa tangu asubuhi, akaanza kukakamaa. Mama alimfunga mgongoni, akaniambia, "Mwanangu, viangalie hivi," akakimbilia zahanati. Hakusema zaidi. Hakukuwa na muda wa kusema zaidi.

Nikaviangalia. Muda si mrefu upepo ukainuka. Niliuona ukija kutoka upande wa uwanja wa mpira, vumbi jekundu limesimama wima, mifuko ya plastiki ikizunguka juu yake. Sasa, bibi yangu mzaa mama alikuwa Hombolo, na kila likizo nilikuwa kwake nikimsaidia kuanika majani ya mlenda. Kwake sheria ilikuwa moja tu: ukiona vumbi linakuja, zoa upesi, tia chunguni, funika, weka jiwe juu. Mlenda wenye mchanga alimpa mbuzi, na aliyeuachia mchanga alikula ugali mkavu. Hakuna mtoto wa Kigogo aliyehitaji kuambiwa hilo mara mbili. Basi nikafanya nilivyolelewa kufanya. Nilikusanya karatasi kwa pembe zake, nikavimimina vitunguu ndooni vikiwa bado vinanichoma vidole, nikabana mfuniko mpaka ukalia, nikaweka jiwe juu. Upepo ulipofika haukupata kitu. Vumbi likanijaa machoni na mdomoni, nami nikacheka. Nilijiona mwanamke kamili.

Mama alirudi giza limeshaingia, mtoto amelala, homa imeshuka. Alizikuta ndoo nne zimepangwa ukutani. Akanishika shavu, akasema, "Umeniokoa." Sidhani kama alifikiri ni saa ngapi nilifunika. Alikuwa amechoka.

Jumamosi alfajiri tulizipeleka kwa mkokoteni. Uani kwa Bi Saumu moto ulikuwa unawaka chini ya masufuria matano, wanawake kama kumi wanachambua mchele na kumenya viazi. Shangazi Debora alikuwa amefika Ijumaa jioni na kulala kwa ndugu. Alikuja pale na begi lake mkononi, kumwona wifi yake akiwa kazini, kama alivyoahidi. Bi Saumu alimkaribisha kwa heshima. Alifungua ndoo ya kwanza, akabana, vikalia. Ya pili vikalia. Ya tatu vikalia. Mfuniko wa nne alipouinua, matone ya maji yalimdondokea mkononi. Akatia kiganja, akatoa bonge jeusi, laini, linaloteleza. Akabana karibu na sikio. Halikulia hata kidogo.

"Mama Tabitha," alisema, na safari hii hakumwita Mgogo wangu. "Hivi ni vitunguu au matambara ya kudekia? Nani amefunika vikiwa moto?"

Wanawake wote waliacha kazi. Nilikuwa nimesimama nyuma ya mkokoteni. Mdomo wangu ulikuwepo, ulimi ulikuwepo.

"Ni mimi," mama akasema.

"Wewe? Miezi yote hii nimekufundisha bure?"

"Nilikuwa na mgonjwa, Bi Saumu. Nilikuwa na haraka. Nimefunika mimi."

Bi Saumu hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na wageni mia kadhaa wa kulisha na jina la kulinda. Alitafuta vitunguu vingine, akawaweka wanawake wawili kukaanga palepale, biriani ikachelewa, na watu wa bwana harusi wakasema waliyosema. Hakumwita mama tena. Shangazi Debora hakusimanga. Jumapili baada ya ibada alimwambia mama, kwa sauti ileile, "Umejitahidi, wifi. Lakini umeona mwenyewe." Mama akaitikia. Alinikunjia nguo zangu, akazifunga kwenye kanga, akanisindikiza mpaka stendi. Hakuniuliza kitu. Sikumwambia kitu. Basi lilipoondoka alikuwa anamrekebisha mtoto mgongoni, kwa hiyo hakupunga mkono.

Morogoro nilisoma. Shangazi alikuwa na vitabu, taa na saa ya kulala. Alinifikisha sekondari na chuo, na bila yeye nisingekuwa na stashahada, wala Muscat, wala nyumba hii. Huo ni ukweli na ninausema waziwazi. Mtu akinitazama leo na kumtazama yule Biriani wa darasa la nne, ataona nimeshinda kwa kila kipimo. Nina mashine inayokata gunia kwa muda ambao mama alikata debe. Nina trei za waya za kupozea vitunguu, na mlango wenye wavu unaozuia vumbi. Kitu pekee ambacho sina uhakika nacho ni kile ambacho wengine hukiita uchungu. Nimekitafuta. Nikikumbuka stendi naona kanga, naona fundo lake, naona rangi ya basi. Moyo hausogei. Nilidhani utasogea nikirudi.

Mama anaishi nami sasa. Nimempa chumba chenye bafu yake mwenyewe, na kitanda alichokataa kwa mwezi mzima kabla hajakubali kukilalia. Mdogo wangu yuko Singida na familia yake. Mwezi uliopita, Jumapili moja mchana, tulikuwa wawili jikoni, yeye anasonga ugali kwa sababu hataki wa wafanyakazi wangu. Nikamwambia, bila kupanga, "Mama, vile vitunguu vya Bi Saumu. Ni mimi niliyefunika."

Hakuacha kusonga. "Najua. Ulikuwa na vumbi mpaka kwenye kope."

"Kwa nini ulisema ni wewe?"

"Ningesema ni wewe, ungeondoka ukijua hivyo. Mtoto wa miaka kumi." Akageuza ugali, akaufinyanga kwa mwiko uliolowa maji. "Nilidhani ukienda bila kujua, utarudi upesi."

Nilisubiri. Nilisimama pale nikijisikiliza, kama mtu anayesubiri maji yafike kwenye bomba, na hayakufika. Nikasema, "Nilijua lakini, mama." Naye akasema, "Basi ndiyo hivyo."

Kisha aliandaa meza. Alileta birika na beseni, akaninawisha mikono mimi kwanza, akaniwekea kipande kinono cha kuku, akafuta ukingo wa sahani kwa kitambaa. Ni jinsi anavyofanya kila siku tangu niliporudi, na sijawahi kumwona akimfanyia hivyo mdogo wangu, ambaye akija anajipakulia mwenyewe sufuriani na kugombezwa. Nyumba ni yangu, meza ni yangu, hati ina jina langu. Mama alisubiri niketi, akasimama kando ya kiti chake, akasema kwa upole mkubwa, "Karibu. Jisikie uko nyumbani."

Nikamshukuru, nikala.