Fundi Cherehani Aliyeniwekea Dawa

Mume wangu aliniwekea dawa ya nywele kwa mara ya kwanza kabla ndoa yetu haijatimiza mwaka. Wiki chache nyuma nilikuwa nimetoka saluni moja hapa Nachingwea na vidonda kisogoni. Msusi alipokea simu dawa ikiwa kichwani kwangu, akatoka nje kuongea, na aliporudi nilikuwa nimeshaungua. Nywele za nyuma zilitoka na kitana, fungu kwa fungu. Nilijifunga kilemba, nikakaa ndani siku mbili nikiona aibu hata kwenda dukani.

Yeye alikuwa fundi cherehani. Aliacha kazi yake barazani, akaja akanifungua kilemba taratibu, akavitazama vile vidonda, kisha akataka nimweleze dawa inafanyaje kazi. Nikamwambia kidogo nilichokijua: inalainisha nywele, lakini ikizidi muda inazikata na kula ngozi.

"Basi hiyo ni kazi ya kupima na kuwahi," akasema. "Kama pasi na kitambaa chepesi. Vikipona, niachie mimi."

Nilidhani ananifariji tu. Kumbe alikuwa anasema kweli. Alimfuata mama mmoja msusi wa siku nyingi, akamuuliza maswali kama mwanafunzi, watu wakamcheka. Vidonda vilipokauka na nywele mpya zikaota, akaniweka kwenye kigoda uani, akanipaka mafuta ya mgando kuanzia kwenye paji la uso mpaka nyuma ya masikio, akazigawa nywele mafungu manne kwa mistari iliyonyooka kama ya chaki juu ya kitambaa. Dawa aliiweka kwenye nywele mpya tu. Zile za zamani alizipaka mafuta ili dawa isizifikie, kwa sababu nywele iliyokwisha kulainika ukiilainisha tena inakatika. Nikataka kumweleza jambo, akanikatiza.

"Nyamaza. Dawa haina huruma na mtu anayeongea."

Aliosha mpaka mgongo ukamuuma. Tulikuwa tunatumia ile shampuu inayobadilika rangi, ambayo povu lake likiwa la waridi ujue dawa bado ipo. Aliosha mara ya kwanza likawa la waridi, mara ya pili la waridi kidogo, mara ya tatu jeupe, naye akaosha tena mara ya nne. Tangu siku hiyo hakuna mkono mwingine uliogusa nywele zangu kwa miaka kumi na moja.

Tulikuwa tunasubiri miezi mitatu kati ya dawa na dawa, hata wenzangu waliponicheka kwamba mizizi imesimama. Siku mbili kabla sikuruhusiwa kuosha wala kujikuna. Kila wiki aliniwekea kondishena, akanifunga mfuko wa plastiki na taulo la moto. Ncha zilizochoka alizipunguza kwa mkasi ambao hakuutumia kwa kazi nyingine. Akanishonea kofia ya kulalia kwa masalio ya satini ya nguo za maharusi, na mshono akaugeuzia nje, kinyume na kofia zote nilizowahi kuona, ili ndani pawe laini pasiwe na kitu cha kusugua nywele. Zikajaa. Zikanifika mabegani, nene, na kwenye harusi wanawake walizishika wakiuliza kama ni za kununua.

Ndiye aliyenifanya niwe msusi. Nilichojifunza kwenye kigoda kile nilikwenda nacho saluni, mimi na mwenzangu mmoja tukapanga chumba karibu na soko, na wateja wakaja kwa sababu walisikia kwamba kwetu nywele hazikatiki. Tukapata na mtoto, binti.

Miaka ya karibuni mume wangu alianza kwenda Ruangwa kufanya kazi. Watu wa vijijini kule wakishauza ufuta wanashona nguo, wakishauza korosho wanashona tena, na kuna sare za shule. Alipata baraza Narung'ombe, akapeleka cherehani ya pili. Akawa anakaa huko wiki mbili, tatu, halafu anarudi. Sikuwa na wasiwasi. Alirudi na mbaazi, na vitambaa, na hadithi, na kila miezi mitatu ilipotimia alikuwepo nyumbani kuniwekea dawa.

Siku ninayotaka kuieleza ilikuwa Jumatano. Mume wangu alikuwa amerudi tangu Jumapili. Asubuhi tulikunywa chai pamoja, nikamwacha barazani anakata suruali. Mchana akaja saluni mwanamke kijana, mwenye heshima, amevaa mtandio wa kijani. Akanisalimia vizuri, akasema ametokea upande wa Ruangwa, amekuja kumtazama shangazi yake anayeumwa.

"Nataka dawa, dada. Nywele zimeota na nyumbani hakuna wa kuniwekea."

Alipoondoa mtandio nilifurahi kama msusi anavyofurahi. Zilikuwa nywele zilizotunzwa, nzito, ncha zimenyooka, pembeni hazijaliwa na misuko ya kukaza. Nikamsifu. Nikampaka mafuta ya mgando, nikagawa, nikaanza kupaka dawa kutoka nyuma. Nilikuwa nimekaribia kumaliza nilipomuuliza nani anamtunzia hivyo.

"Mume wangu," akasema, akacheka kwa haya. "Watu wananishangaa. Ni fundi, ana mkono mwepesi. Sasa hivi amekwenda Mtwara kununua vitambaa." Halafu akaongeza, "Angekuwepo angeshaninyamazisha. Anasema dawa haina huruma na mtu anayeongea."

Niliendelea kupaka fungu lililobaki. Mkoba wake ulikuwa wazi juu ya kiti, nikatupa jicho, nikaona kofia ya satini ya rangi ya maziwa, imekunjwa, na mshono wake uko nje.

Nilisimama pale na kitana mkononi. Mwenzangu alikuwa anamsuka mteja msuko wa twende kilioni kule dirishani, wanazungumza mambo ya bei za mchele, na sauti zao zilinifikia kama zinatoka nyumba ya jirani. Nitasema ukweli kwa kuwa hakuna faida ya kuuficha: niliitazama saa ya ukutani na nikajua imebaki dakika ngapi, na nikajua nikikaa kimya tu, bila kufanya chochote, itatokea nini. Sikuhitaji hata kunyoosha mkono.

"Dada," akasema, "imeanza kuchoma."

Nikamwinamisha kwenye beseni. Nilimwosha. Povu likatoka la waridi, nikasuuza, nikaosha tena. Machozi yalikuwa yananitoka na maji yalikuwa mengi, hakujua. Nilimwosha mpaka povu likawa jeupe, kisha nikaosha mara moja zaidi, kama nilivyofundishwa.

Nilipokuwa namfunga rola nikamuuliza ameolewa lini.

"Ufuta wa mwaka jana."

"Ulimkuta na mke?"

"Alikuwa naye huku Nachingwea. Wameachana." Akanitazama kwenye kioo. "Unamfahamu?"

"Mji mdogo huu," nikasema. "Tunafahamiana wengi."

Alikaa chini ya draya zikauke, nikamfungua rola, nikamchana. Zilianguka vizuri sana. Alinishukuru kwa mikono miwili, akafunga mtandio wake wa kijani, akaondoka kwenda kwa shangazi yake. Sikumchukia. Nilijaribu, nikashindwa.

Nilimwambia mwenzangu kichwa kinaniuma, nikaenda nyumbani. Mume wangu alikuwa barazani vilevile, mguu unakanyaga cherehani, tepu imening'inia shingoni.

"Umewahi leo," akasema.

"Nimetoka kumwosha mkeo nywele."

Mguu ukasimama. "Nani?"

"Wa Narung'ombe. Uliyemshonea kofia. Amesema uko Mtwara."

Aliinamisha kichwa. Alishika kile kitambaa kilichokuwa chini ya sindano, akakinyoosha, akakinyoosha tena. "Nilikuwa nitakuambia, mama watoto. Nilikuwa natafuta siku."

"Dini imekuruhusu mke wa pili. Hilo nalijua tangu madrasa. Ungekuja ukaniambia, ningelia, ningekasirika, labda tungeishi. Lakini umemwambia umeniacha."

"Bila hivyo asingekubali. Wazazi wake walikataa binti yao awe bi mdogo."

Nikakaa kwenye kizingiti. Kulikuwa na swali jingine, na najua watu wengine wataliona la kitoto, lakini ndilo lililokuwa linanichoma zaidi.

"Na nywele?"

"Nywele zimefanya nini?"

"Kwa nini ukamtunzia na nywele?"

Alinitazama kama mtu ambaye kweli hajaelewa anaulizwa nini. "Zilikuwa zinakatika," akasema. "Nikamsaidia."

Hapo ndipo nilipolia kwa sauti. Kama angesema anampenda kuliko mimi, ningekuwa na kitu cha kugombana nacho. Lakini alivyosema vile nilielewa kwamba miaka yote ile mimi nilikuwa nimekaa kwenye kigoda nikidhani kuna jambo letu wawili, jambo lisilo na jina, na yeye alikuwa anatengeneza kitu kilichoharibika, kama anavyotengeneza zipu ya mtu yeyote. Labda sikuelewa sawa. Labda kwake hiyo ndiyo namna ya kupenda, na hakujua kuwa namna hiyo haigawiki. Nimeligeuza sana neno lile na bado sijalimaliza.

Kaka yangu alikuja kutoka Matambarale, na upande wa mume wangu alikuja baba yake mdogo. Walikaa, wakazungumza kwa upole, wakaniomba nivumilie. Mume wangu mwenyewe aliomba radhi mbele yao. Niliwaambia siwezi. Baba mdogo akaniuliza, "Mwanangu, amekupiga? Amekunyima chakula?" Nikasema hapana. "Basi amekufanyia nini kisichosameheka?" Sikuweza kumweleza mzee yule mambo ya povu na kofia. Nikasema amesema uongo. Wakatazamana. Mwishoni talaka ikaandikwa, nikakaa eda yangu, naye akachukua cherehani zote akahamia Narung'ombe. Mtoto akabaki kwangu.

Wanasema kinyozi hajinyoi. Miezi mitatu ya dawa ilipotimia, nikaona siwezi kumpa mtu kichwa changu, nikajiwekea dawa mwenyewe kwa vioo viwili, kimoja mbele na kimoja nyuma. Mbele nilikwenda vizuri. Nyuma nilikuwa napapasa, nikaipandisha dawa juu ya nywele za zamani, na mkono ulichoka kabla ya kusuuza kwisha. Baada ya wiki kisogo kikaanza kunyonyoka, palepale palipoungua miaka ile. Nilikuwa nawafundisha wanawake wa mji mzima wasifanye nilichokifanya.

Mwenzangu wa saluni aligundua siku moja kilemba kilipolegea. Alinivuta kwenye kiti kile cha wateja, akapunguza zilizokatika, akaniwekea mafuta, akanisuka kwa kulegeza kabisa.

"Dawa hapana mpaka mwakani," akasema. "Na huna ruhusa ya kujigusa."

Mikono yake ni mizito, na kitana chake kinavuta. Nilifumba macho nikajaribu kukaa bila kulinganisha. Sikufaulu siku ile, wala siku iliyofuata.

Karibu na msimu wa korosho simu ikaita, namba nisiyoijua. Alikuwa ni yule mwanamke.

"Dada, nimejua wewe ni nani," akasema. "Nimejua muda mrefu. Shangazi alinipa namba yako, nikawa naogopa kupiga."

Nikamwambia aseme.

"Mimi nilidanganywa kama wewe."

"Najua."

Mtoto mchanga alikuwa analia nyuma yake, kilio chembamba cha miezi ya mwanzo. Halafu akasema nywele zake zinatoka. Mbele, pembeni, zinabaki kwenye mto, kwenye mtandio, kila mahali. Aliona aibu kuniuliza mimi, lakini hakuwa na mwingine wa kumuuliza.

"Yeye anasemaje?" nikauliza.

"Haniwekei tena. Anasema mgongo unamuuma. Yupo Chinongwe siku hizi, amepata kazi huko."

Zamani niliwahi kuwaza kwamba nikisikia habari kama hiyo nitapata raha. Nilikaa na simu sikioni nikiisubiri ile raha, haikuja. Kilichokuja ni uchungu uleule, sasa wa watu wawili.

Nikamwambia asiogope, wanawake wengi wakijifungua nywele hutoka, na baada ya miezi kadhaa hurudi. Nikamwambia asiweke dawa sasa, asubiri mpaka zitulie. Asibane kwa nguvu, asisuke kwa kukaza, mahali zinapokutana nywele mpya na za zamani ndipo panapokatika haraka, kwa hiyo azichane hapo taratibu kwa kitana cha meno mapana, zikiwa na unyevu na kondishena. Ale dagaa, mayai na mboga za majani, anywe maji kwa kuwa ananyonyesha. Alikuwa ananiitikia, "Ndiyo, dada. Ndiyo, dada." Nilisikia kuwa analia, nikaendelea tu kumweleza, kwa sababu hayo ndiyo niliyokuwa nayo.

"Zikishatulia njoo," nikamwambia. "Nitakuwekea mimi."

Akasema atakuja mtoto akipata nguvu za kusafiri. Tukaagana. Mteja wangu alikuwa amekaa kwenye kiti akisubiri, shuka begani. Nikanawa mikono, nikamuuliza mara ya mwisho aliweka dawa lini.