Uwazi wa Chini ya Bati

Juzi nilipanda bodaboda mpaka Bweri kuona nyumba mpya ya binti yangu. Plasta wamepiga wiki hii tu, na yeye tayari kahamisha kitanda cha mtoto. Madirisha ya vioo yote yamefungwa, jiko la mkaa linawaka katikati ya sebule, ukuta unatoka jasho.

"Tunakausha, mama," akaniambia.

Ile harufu, rafiki yangu, ilinirudisha kijijini kwetu Mugango kabla hata sijavua viatu.

Baba alikuwaga amejenga nyumba ya udongo, lakini ya bati, na bati kwa upande wetu ule lilikuwa la kujivunia. Sisi watoto tulichota maji ziwani na kuukanyaga udongo mpaka magoti yanauma, halafu tunapewa ugali wa muhogo na furu, wale samaki wadogo wenye miiba mingi. Mama hakukanyaga, alikuwa ametoka kujifungua mdogo wetu. Bibi, mama yake baba, ndiye alisiliba kuta kwa mavi ya ng'ombe, mkono unapita taratibu kama anampaka mtoto mafuta.

Kati ya ukuta na bati palikuwa na uwazi wa kupitisha mkono. Moshi unatokea hapo, shomoro wanaingilia hapo. "Nyumba mbichi ina maji tumboni," bibi alikuwa anasemaga. "Iacheni ipumue." Moto aliuwasha mchana, mlango wazi, dirisha wazi, na hakutaka mtu alale humo mpaka ukuta ukauke.

Lakini baba alishawaalika watu wa kanisa waje Jumapili kuiombea nyumba. Aliona aibu wakute bado tunabanana kwenye kibanda cha jiko cha zamani. Akatuhamisha. Upepo wa ziwa ukawa unaingia, mtoto anasikia baridi, basi baba akaziba ule uwazi kwa magunia, akafunga dirisha, akawasha moto. Alijua joto ndilo linakausha. Mchana bibi anachomoa magunia, jioni baba akirudi anayarudishia. Hawakugombana. Bibi aliuliza mara moja tu, "Mwanangu, sufuria ya maji ukiifunika inakauka lini?"

Asubuhi bati linatudondoshea matone usoni. Mablanketi yananuka. Nyuma ya kitanda cha mama ukuta ukaota ukungu mweusi. Jumapili tuliimba vizuri, mchungaji akaomba, wali ukaliwa, na kwenye sala ya mwisho nikawa nasikia kifua cha mdogo wetu kinakoroma mgongoni kwa mama.

Walimpeleka hospitali Musoma kwa lori la dagaa. Mama alirudi na kanga imekunjwa mkononi.

Watu wakasema Bwana alitoa na Bwana ametwaa. Nayaamini maneno hayo, na mimi mwenyewe nayasemaga kwenye misiba ya wenzangu. Ila bibi, amekaa pale mlangoni, alisema kwa sauti ya chini, "Mungu tusimsingizie." Baba akasikia. Akasogeza kinu, akapanda juu yake, akaanza kuchomoa magunia moja moja. Hakuyarudisha tena.

Kwa hiyo pale Bweri sikukaa hata kitini. Nilitoa jiko nje, nikafungua madirisha ya mbele na ya nyuma, upepo upite.

"Mama, vumbi litaingia."

"Liingie. Vumbi linafagiliwa."

Mjukuu wangu nikamfunga mgongoni. Atalala kwangu mpaka kuta zikauke, na baba yake akinuna, anune.

Nyumba ya Mugango haipo. Ilirudi kuwa udongo, watu wamepanda mihogo juu yake. Bibi hayupo, baba hayupo. Nilipokuwa natoka kwa binti yangu niliinua macho pale ukuta unapokutana na paa, natafuta ule uwazi. Siku hizi hawauachi. Fundi ameziba vizuri kabisa, pembe zote, na kila mgeni anayeingia anamsifu.