Masikio ya Fundi Fairuz

Fairuz alianza kupenda gari za spoti za Kiingereza akiwa na miaka tisa kwao Mombasa, daktari jirani alipomketisha ndani ya MG yake nyekundu isiyo na paa. Mngurumo ule ulimwingia moyoni. Ndio uliomleta Dubai, kwenye gereji ya Ras Al Khor, ambako kwa miaka ishirini na sita alirekebisha kabureta kwa kusikiliza tu mngurumo wa injini.

Mwaka jana masikio yakaanza kuziba. Aliwaficha wote, hata mkewe Rukiya.

Juzi aliinamia Triumph ya zamani, akazungusha skrubu, akingoja injini iwake. Saif, mwenye gereji, Mzanzibari aliyezaliwa hapo hapo Dubai, akamshika bega na kumpigia kelele sikioni:

"Fairuz! Imewaka zamani, inanguruma mpaka kuta zinatetemeka. Husikii?"

Fairuz akaweka viganja juu ya boneti, akauhisi mtetemo. Machozi yakamtoka.

"Bwana Saif, nipe wiki moja. Huenda ni uchafu tu."

"Umemwona daktari? Amesemaje?" Saif akapaza sauti tena sikioni.

"Amesema masikio hayatapona."

Saif akaizima gari. Mtetemo ulipokoma viganjani, Fairuz akamsihi aiwashe tena.