Goti la Hedimani

Karanja, hedimani wa kijiji chetu, mkuu wa serikali niliyempigania mwenyewe, alimtoa mke wangu kitandani akiwa na homa, akampeleka kuchimba handaki la kuzunguka kijiji. Hakurudi mzima.

Siku ya kuchagua hedimani, ni mimi niliyesema tufuate Gideoni wa Biblia: twende mto Chania, na atakayekunywa kwa mkono bila kupiga magoti ndiye mtu wa Mungu. Karanja peke yake hakupiga magoti. Nilishangilia kuliko wote, mjinga mimi.

Kwa mazishi ya mke wangu, dadake Karanja akaniambia, “Baba Njeri, goti la huyu halikunjiki tangu aanguke kwa mti. Angepigaje magoti?”

Wewe Yohana, mzee wa kanisa, Karanja ni mpwa wako. Goti ulilijua, na bado ukasema amina tulipomchagua. Nijibu mbele ya watu.