Majina Manne ya Wazungu Kwenye Arusi ya Musonoi

Naona aibu kuisimulia, lakini hasira imeizidi aibu, na kubwa yake ni juu yangu mwenyewe, kwa hiyo nisikilizeni tu na msinihurumie.

Nilipomaliza chuo Lubumbashi nilirudi Kolwezi na diploma bila kazi, nikawa na muda mwingi wa kufikiri (huo ndio ugonjwa wangu), na katika kufikiri huko nikaangukia bendi moja ya Uingereza ambayo hapa hakuna aliyewahi kuisikia: vijana wanne wa mji wa mvua waliorekodi sahani moja ya muziki gerejini kwao, bila kampuni nyuma yao, wakagombana, bendi ikavunjika kabla ya miaka miwili kwisha. Historia yao nikaijua kuliko ya ukoo wangu. Nikaunda bendi na Trésor wa ngoma na Kazadi wa besi. Vyombo vilikuwa vya Tata Ilunga, mfanyabiashara wa Musonoi, mtaa wa hapa hapa Kolwezi, ambaye alituambia tupige kwenye arusi ya binti yake, na tukiwapendeza wageni, vyombo vitabaki kwetu.

Asubuhi ya arusi akanipa karatasi ya majina. Kwetu mwimbaji akishika mikrofoni hutupa majina ya wenye shughuli, na anayetajwa husimama, hupunga mkono, hucheza kidogo, hata mtoto anajua. Mimi nikaikunja ile karatasi bila kuisoma, nikaitia mfukoni, kwa sababu wale vijana wa Uingereza hawakumwimba tajiri yeyote, walikuwa watu wa msimamo (msimamo, kwa gitaa la kuazima!). Uamuzi wenyewe ndio huo.

Tulipiga wimbo mmoja na hakuna aliyeinuka. Nikafikiri hawajaelewa, nikafikiri tena wananidharau, mwishowe nikafikiri nikiwaeleza historia ya bendi ile watatulia, basi nikaeleza, gereji, mvua na yote, kisha nikasema sasa nitawatajia watu wakubwa wa muziki huu. Kusikia hivyo, mzee wa mstari wa mbele, kaka mkubwa wa Tata Ilunga, aliyetoka mbali, Kisenge, kwa ile barabara mbovu mnayoijua, akasimama, akafunga vifungo vya koti. Nikasema Colin. Akakaa. Nikasema Neil, mzee akainuka nusu, akidhani labda zamu yake imefika. Graham. Peter. Halafu nikaomba makofi.

Mzee akasema polepole, lakini wote walisikia:

“Bale bazungu bane, njo balitoa ng'ombe? Basi bakuye bakule.”

Yaani kama wazungu hao ndio waliotoa ng'ombe wa karamu, basi waje wale wao. Uwanja mzima ukacheka. Kazadi akanivuta shati, akaninong'oneza, “Karatasi iko wapi? Soma majina, wee.” Ningesoma pale, yangekwisha. Lakini mimi nikabishana naye, mikrofoni ikiwa mdomoni, na uwanja mzima ukanisikia nikisema muziki si kazi ya kusifu watu walioshiba.

Tata Ilunga hakupiga kelele. Alikwenda mwenyewe kuzima jenereta, akarudi, akasimama mbele yangu.

“Mutoto, diploma yako iko muzuri. Gitaa yangu uiweke chini.”

Bendi yao ilidumu karibu miaka miwili, yetu ilidumu wimbo mmoja na hotuba. Trésor hanisalimii. Kazadi nina hasira naye kwa sababu alikuwa na haki, na Tata Ilunga kwa upole wake ule, afadhali angenipiga kofi, na hata Colin, ambaye hajui Musonoi iko wapi, nikimkumbuka nasaga meno.

Nilipofika nyumbani ndipo nikaifungua karatasi. Jina la kwanza lilikuwa la yule mzee, ambaye mdogo wake humwita Yaya, yaani kaka mkubwa, na chini yake Tata Ilunga alikuwa ameandika kwa mkono wake: “Yaya Mwamba wa Kisenge. Hajaitwaka hata siku moja mu fete ya arusi. Umuite mara mbili.”

Sijashika mikrofoni tangu siku ile. Nikiishika tena, hata iwe ya kujaribu sauti tu, nitaanza na Yaya Mwamba wa Kisenge, Yaya Mwamba wa Kisenge, na msimamo wangu utangoja nyuma.