Alphonsine Hakuzaa Ili Aitwe Anti

Alphonsine alikuwa amemngoja mjukuu huyo miaka sita. Alipaka ukuta rangi, akanunua kitanda kipya, akawatangazia majirani wote wa mtaa wa Kikula kwamba Hervé, mwanawe anayechomelea vyuma vya meli huko Singapore, anamleta binti yake, Jenny, nyumbani Likasi, Kongo, kwa siku kumi na mbili. Mtoto akashuka garini, akamtazama bibi yake kwa adabu zote, akasema, "Hello, auntie."

Anti! Mama mzazi wa baba yake, anti!

"Hervé, mutoto yako ananiita tantine? Minye niko tantine ya nani?"

Hervé alicheka, na hapo alikosea. "Mama, njo vile banasemaka kule. Kila mwanamuke mukubwa ni auntie. Mwenye kuuza samaki, auntie. Mwenye kufagia barabara, auntie. Ni heshima, mama."

"Kwa hiyo minye na mwenye kufagia barabara tuko sawasawa?"

Hervé akaona heri ashushe mizigo.

Pale kwao bibi huitwa kambo. Alphonsine hakutaka zawadi, hakutaka picha. Alitaka neno hilo moja litoke kinywani mwa Jenny kabla ndege haijamrudisha. Kila asubuhi alijigonga kifuani, akasema, "Kambo." Jenny akaitikia kwa kichwa: "Yes, auntie." Jamani, mtu afanye nini?

Lugha yenyewe ilikuwa mtihani. Hervé alieleza kwamba ni Kiingereza cha Singapore, kimechanganywa na Kichina na Kimalei, watu wakakizoea hadi kikawa chao. Akaandika maneno kwenye karatasi, akaibandika kwenye mlango wa kabati. "Can" ni ndiyo, sawa, hakuna shida. "Cannot" ni hapana, haiwezekani, usithubutu. "Shiok" ni utamu wa kukufumbisha macho. "Sian" ni kuchoshwa na kila kitu. "Kaypoh" ni mtu wa kutia pua katika mambo ya wenzake, na hilo Alphonsine alilipenda mara moja, kwa kuwa alijua wa kumpa. Na "lah" huwekwa mwishoni.

"Hii lah inasema nini?"

"Haisemi kitu, mama. Ni kama weye unasemaka 'bwana' hata kama unaongea na mwanamuke."

Alphonsine akamwita Constantin, jirani aliyefundisha Kiingereza sekondari miaka ishirini. Constantin akaja na shati lililopigwa pasi, akamsalimu Jenny kwa sentensi ndefu iliyonyooka. Mtoto akatazama viatu vyake. Constantin akasoma karatasi ya kabatini, akavua miwani.

"Mama Alphonsine, hii haiko Anglais. Banaharibu luga ya benyewe."

"Na Swahili yetu ya hapa, si weye njo unasemaka kila siku kwamba haiko Swahili?"

Mwalimu alimaliza chai yake na hakuonekana tena wiki ile.

Yote hayo angeyavumilia kama mtoto angekula. Jenny hakula. Alikula biskuti, akanywa maji, akasema "sian". Na huyu Alphonsine si mtu wa kususiwa sahani! Miaka ishirini na miwili aliwapikia wachimba mawe wa Kakontwe, bukari, yaani ugali, na sombe ya majani ya muhogo, mbele ya lango lao. Aliyebakiza tonge aliulizwa mbele ya wenzake kama kwao hawana mama. Wanaume wazima, mavumbi hadi kwenye nyusi, waliinamisha vichwa wakamaliza, na kesho yake walirudi. Wengine, nina hakika, walikuja kugombezwa. Chakula kilikuwa kisingizio.

Lakini siku ya kwanza Hervé alimshika mkono: "Mama, tafazali, usimugombeze. Hajakuzoea. Atakuogopa." Basi mwanamke huyo akaufunga mdomo wake siku kumi nzima. Akawa anasema kwa sauti ya kubembeleza, macho yakiwa kwenye karatasi, "Can eat, lah?" Na mtoto akajibu kwa upole wa kutia uchungu, "Don't want, auntie. Thank you, auntie." Upole ule ndio uliomkera kuliko yote. Mgeni ndiye hushukuru hivyo.

Alhamisi adhuhuri aliandaa samaki wa mto Lufira na sombe ya karanga. Jenny akafinyanga bukari vidonge vinne, akavipanga ukingoni mwa sahani, kisha akamrushia mbwa wa jirani kimoja kimoja.

Mawee! Subira ikapasuka.

"Weye Jenny! Bukari ni ya kuchezea? Niliamuka saa kumi na moja, nikaenda soko, nikatwanga sombe mupaka mukono inaniuma, na weye unalisha imbwa! Siku kumi ninakusemesha pole pole kama minye niko infirmière ya hospitali! Minye niko kambo yako! Kambo! Haiko tantine! Kaa chini, kula!"

Hervé akasimama. "Mama..."

"Na weye kaa!"

Hervé akakaa.

Jenny akateremka kitini, akatoka mbio hadi bombani, ambako jirani yao Orpa alikuwa anafua, akamng'ang'ania kitenge huku akilia kwa sauti ya kusikika mtaa mzima: "Auntie! Auntie! My kambo very fierce leh!"

Orpa, asiyejua hata neno moja la lugha hiyo, alifuta povu mikononi, akageukia nyumba. "Anasema nini?"

Hervé alikuwa amefika mlangoni.

"Anakuja kushitaki," alisema. "Anasema kambo yake ni mukali sana."

Alphonsine alikuwa bado amekamata mwiko. "Kambo ya nani?"

"Yake, mama."

Akakaa kwenye kiti cha mtoto, kile kidogo, akajipangusa uso kwa mkono wenye unga.

"Umuambie arudi, samaki inapoa," akasema. "Umuambie kambo yake hajamaliza kumugombeza."