Mahindi ya Dani Kwenye Mizani

Hadi leo, ndege ndogo ikipita juu ya mabati ya mtaa wetu wa Olympic ikinguruma kama kinu cha unga, mimi hukasirika. Msinicheke. Wenzangu wakiusikia ule mlio hukumbuka vile tulivyokuwa tukikimbia vichochoroni Makina tukipunga mikono na kupiga kelele, "Ndege, nibebe!" Mimi hukumbuka mizani.

Nilikuwa darasa la tatu. Mama alikuwa mgonjwa, amepelekwa ushago, kijijini kwetu kando ya ziwa, na kila mtu aliniambia "atapona tu" huku akiangalia pembeni. Mvua ilikuwa imekata barabara. Ndipo mwenye ploti tuliyopanga, mzee wa Kawangware aliyejuana na rubani mmoja, akatuombea nafasi kwenye ndege iliyokuwa ikipeleka dawa miji ya huko: yangu na ya Dani, nyanya yangu. Jamani, sikulala! Nilivaa gauni la Krismasi na soksi nyeupe, nikamtangazia kila mtoto wa ploti kwamba naenda kumwona mama yangu, tena kwa ndege.

Kiwanja cha ndege kiko ng'ambo tu ya barabara, kwa hivyo tulienda kwa miguu, shangazi akitusindikiza, Dani na gunia lake dogo kichwani. Nilitarajia maajabu. Wapi! Benchi, chupa ya chai, na mizani ya chuma kama ya kupimia viazi sokoni. Ndege ndogo hupimiwa kila kitu, hata watu. Nilipanda nikiwa nimebana pumzi, nikidhani hewa nayo ina uzito. Kijana wa mizani akacheka. Kisha akapima gunia la Dani, akaacha kucheka.

"Shosh, umebeba nini huku?"

"Ya nyumbani," Dani akasema.

Kijana akalifungua. "Mahindi? Shosh, unatoa mahindi Nairobi unapeleka ushago? Si huko ndiko hutoka?" Watu kwenye benchi wakaangua kicheko. "Sasa uzito umezidi. Uache gunia, ama mtoto abaki."

Mimi niliona jambo lenyewe ni rahisi, mahindi yabaki. Dani akalishika gunia kwa mikono yote miwili. "Mtoto atabaki," akasema bila kuniangalia. "Shangazi yake yuko hapo nje."

Nilijigaragaza sakafuni na gauni langu lote. Shangazi alinibeba mgongoni nikimpiga mabega, nikimwita Dani mchoyo, mlafi wa mahindi, maneno ambayo siku nyingine yangeniletea viboko. Hakuna aliyenikemea.

Mama alizikwa kabla shule hazijafungwa. Nilimwona akiwa ndani ya sanduku.

Ilibidi nizae wangu, niwe na mtu wa kumficha mambo, ndipo nikaona: hakuna mtu wa kwetu hupeleka mahindi ushago. Unapeleka mkate, sukari, sabuni. Dani aliyajua hayo kuliko yule kijana. Alijua mama hatapona, hakutaka nimwone alivyokuwa amekwisha, na hakuwa na mdomo wa kuniambia. Akaiachia mizani ikatae kwa niaba yake.

Haya, nimeelewa. Kuelewa hakujanipoza hata kidogo. Ungeniambia tu, Dani! Ningelia njia nzima, ningetapika ndani ya ndege ya watu, lakini ningefika. Juzi tukimenya viazi, shangazi aliropokwa kwamba mama alikaa akiangalia mlango, na kila aliyeingia alimuuliza kama nimekuja.